Kagua nyumba iliyopita masika mawili, kisha ndiyo umpe fundi kazi

Nyumba iliyopakwa rangi wiki iliyopita haikwambii kitu kuhusu fundi. Rangi imeziba nyufa, lipu haijapata muda wa kubanduka, na ukuta uliojengwa kiangazi haujaonja maji. Nayo ndiyo nyumba ambayo kila fundi atakupeleka ukimwambia akuonyeshe kazi yake. Nenda, itazame, mshukuru. Ukitoka hapo mwambie: "Fundi, sasa nipeleke kwenye nyumba uliyoimaliza miaka miwili au mitatu nyuma." Hapa Unguja na Pemba masika inamwaga mvua kuanzia Machi hadi Mei, vuli inafuata Oktoba hadi Disemba, na hewa ya chumvi haipumziki mwaka mzima. Nyumba iliyopita masika mawili imeshatoa siri zake kubwa zote. Fundi anayesita kukupeleka, au ambaye nyumba zake za zamani ziko Dar es Salaam tu, ameshakujibu.

Chukua futi ya mita 5, pima maji, uzi wenye kitu kizito mwishoni kama huna timazi, na sarafu moja. Ndoo ya maji utaomba kwa mwenyeji. Piga hodi, mweleze mwenye nyumba kwamba unataka kujenga na kwamba fundi wake ndiye unayemfikiria. Ukikuta wapo akina mama peke yao, rudi siku nyingine au nenda na mkeo au dada yako. Watu wengi hufurahi kuonyesha nyumba zao, na wenye malalamiko hufurahi zaidi.

Anza nje. Zunguka nyumba mara moja bila kupima chochote, ukitazama pembe za madirisha na milango. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda mshazari aghlabu una sababu moja kati ya mbili: linta, yaani boriti ya zege juu ya dirisha au mlango, ni fupi na haikukalia ukuta vya kutosha, au msingi umezama upande mmoja. Linta iingie ukutani angalau sentimita 15 kila upande, na 20 ni bora zaidi. Ufa wa wima kati ya nguzo na ukuta unasema kwamba hakuna vipande vya nondo vilivyoachwa kwenye nguzo kushika matofali. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui juu ya lipu hazitishi: lipu ilikuwa na saruji nyingi mno, au ilikauka haraka kwa kukosa kumwagiliwa maji. Ni uzembe, lakini nyumba haianguki kwa hilo. Ufa unaopitisha ukingo wa sarafu ndio wa kuuliza, na ukiuona ndani na nje mahali pale pale, umepenya ukuta mzima. Chanzo chake kitafutwe chini.

Kisha tazama nusu mita ya chini ya kuta. Rangi iliyobabuka, lipu inayoanguka kama unga na weupe wa chumvi vimezoeleka Zanzibar hadi wengi wanadhani ndivyo nyumba za pwani zilivyo. Sivyo. Chumvi hiyo imepanda na unyevu kutoka ardhini kwa sababu hakuna nailoni iliyotandikwa chini ya jamvi (zege la sakafu ya chini) wala kizuizi cha unyevu juu ya msingi, au imo ndani ya mchanga wenyewe. Kwa vyovyote vile hakuna rangi itakayoiponya, hata ukipaka kila mwaka kabla ya Idi.

Kama ni ghorofa, inua kichwa utazame chini ya slabu na chini ya ngazi. Ukiona mistari ya kutu inayofuata nondo, ujue nondo zilimwagiwa zege zikiwa zimelala juu ya mbao, bila vitofali vidogo vya saruji vya kuzinyanyua. Chini ya slabu za ndani, zege linalofunika nondo lisipungue milimita 25. Kwenye nguzo na mihimili inayopigwa na upepo wa bahari, kama kule Jambiani au Nungwi, iwe 40 hadi 50. Nondo ikishika kutu huvimba, zege hupasuka na kudondoka vipande, na hapo kutengeneza kunaweza kuwa ghali kuliko kujenga upya.

Ndani, pima chumba kimoja kutoka pembe hadi pembe, halafu pembe mbili zilizobaki. Vipimo viwili hivyo vikiwa sawa, pembe za chumba ni mraba. Vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 2 katika chumba cha mita 4, fundi hakutumia kanuni ya 3, 4, 5 (pembetatu ya pande hizo hutoa pembe mraba) alipokuwa anatia kamba za msingi, na anayetandaza vigae atakuja kuulipia uvivu huo kwa kukata vipande vya mshazari ukutani. Teremsha timazi kwenye fremu ya mlango. Gonga lipu kwa sarafu mahali kumi: panapolia kama ngoma, lipu haikushika ukuta. Ngazi zipime moja moja kwa kwenda juu. Tofauti ikizidi milimita 6 kati ya kidato na kidato, mguu utaisikia kabla ya futi. Vidato vya kwanza na vya mwisho ndivyo hukosewa, kwa sababu fundi alisahau kuhesabu unene wa vigae.

Mwaga ndoo ya maji chooni na usubiri. Sakafu ya bafu na choo iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Maji yakibaki pembeni na kutuama, huyo fundi hakupima, alikisia kwa jicho, na kama alikisia hapo alikisia pengi.

Vifaa weka chini, zungumza na mwenyeji, na usimuulize kama fundi ni mzuri. Swali hilo lina jibu moja tu, hasa kama fundi ni jamaa yake au jirani. Muulize mambo yenye hesabu. Mifuko mingapi ya saruji ilizidi ile fundi aliyoitaja mwanzo? Fundi mwenyewe alikuwa akifika kazini siku ngapi kwa wiki, au aliwaacha wasaidizi? Mambo yalipoharibika baada ya kuhamia, alirudi? Alirudi baada ya kupigiwa simu mara ngapi? Na ujenzi ulisimama lini, kwa nini? Pemba jibu la swali hili mara nyingi ni karafuu, maana msimu ukifika vibarua huenda mashambani na hakuna ujira wa kubeba zege utakaowarudisha. Unguja ni kazi za hoteli za Paje, Kiwengwa na Nungwi. Hayo si makosa ya fundi peke yake, ila fundi mzuri huyajua, huyasema mapema na kuyapangia.

Baada ya ukaguzi huo watabaki wawili au watatu. Hapo ndipo uzungumzie bei, na hapo ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu kila fundi ameleta orodha yake. Mmoja amehesabu dari, mwengine hakuhesabu. Mmoja ameweka nondo za milimita 12, mwengine za 10. Halafu mwenye nyumba anatazama mstari wa mwisho na kuchagua wa chini. Bei za orodha zisizofanana hazilinganishwi. Mlipe mkadiriaji majenzi au mhandisi akuandalie orodha moja ya kazi na vipimo kutokana na ramani yako, uwape wote karatasi hiyo hiyo, kila mmoja ajaze bei tu. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya slabu moja mbovu.

Hata bila mkadiriaji, hesabu chache unaweza kuzifanya mwenyewe. Chukua nyumba isiyo na ghorofa, ya mita 10 kwa 12, yenye ukuta wa nje wa mita 44 na kuta za ndani zinazofika jumla mita 38. Kwa urefu wa mita 3 kwenda juu, ni mita za mraba 246. Toa milango na madirisha, tuseme 30, unabaki na 216. Matofali ya kawaida ya inchi 6, yaani sentimita 45 kwa 22.5 kwa 15, yanakwenda kama 10 kwa mita ya mraba pamoja na ya kuvunjika. Unahitaji kama 2,160. Orodha inayosema 1,500 imesahau ukuta, na inayosema 3,000 imejenga nyumba mbili.

Jamvi la nyumba hiyo ni mita za mraba 120. Kwa unene wa sentimita 10 ni zege la mita za ujazo 12. Zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne linakula mifuko 6 na kitu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo jamvi lote ni mifuko 75 hadi 80. Fundi aliyekuandikia mifuko 45 na kuonekana mwenye huruma amekuandikia jamvi la sentimita 6, au zege lisilo na nguvu. Muulize ni lipi kati ya hayo.

Mkanda wa zege unaofunga juu ya kuta zote mita 82 wenye nondo nne za milimita 12 unahitaji nondo 29 au 30 za mita 12 kila moja, ukihesabu mapishano ya sentimita 60 kila zinapoungana. Na nondo zipimwe kwa mizani zikifika. Nondo kamili ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7, ya milimita 10 kilo 7.4, ya milimita 16 karibu kilo 19. Beba tano kwa pamoja. Zikipungua kwa kilo kadhaa, umeuziwa chuma chembamba kwa jina la kinene, na fundi ambaye hakuwahi kupima nondo kwa kilo hajui kama alikwisha kufunga slabu za namna hiyo.

Matofali yana hesabu yake ya pekee, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo bei ya chini inapojificha. Fundi akijisifu kwamba mfuko mmoja anautoa matofali 40, ujazo wake unamkanusha. Tofali moja la inchi 6 lisilo na tundu ni lita 15, kwa hiyo 40 ni lita 600. Mfuko wa saruji ni kama lita 35. Mchanga uliomo haupungui mara 16 ya saruji. Tofali la kubeba mzigo linataka mchanga mara sita hadi nane, na kwa kipimo hicho mfuko hauzidi matofali 20. Kwa yale matofali 2,160, mwenye kutoa 18 kwa mfuko atatumia mifuko 120, na mwenye kutoa 40 atatumia 54. Mifuko 66 ndiyo tofauti ya bei uliyokuwa unaifurahia. Chukua tofali lake, lidondoshe kwenye ardhi ngumu kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande vitatu liache. Likwaruze kwa msumari. Likitoka unga kama muhogo wa kusaga, liache. Muulize pia yalimwagiliwa siku ngapi. Saba ndiyo kiwango cha chini, na yasiingie ukutani kabla ya wiki mbili.

Mchanga Zanzibar ni mali adimu na kuchimba kunataka kibali. Ndiyo maana gari ya mchanga wa bei rahisi inayofika usiku inastahili kuogopwa mara mbili: huenda ni wa magendo, na huenda ni wa ufukweni. Mchanga wa bahari una chumvi inayokula nondo na kutoa ule weupe ukutani. Weka punje chache ulimini, utajua. Uchafu wa udongo upime kwa chupa: jaza mchanga hadi nusu, tia maji yenye chumvi kidogo, tikisa, uache saa tatu. Tabaka la tope juu likizidi asilimia 8 ya mchanga, rudisha gari. Fundi unayemtaka ni yule ambaye amewahi kurudisha gari ya mchanga, na mwenye nyumba ya zamani atakuwa anakumbuka siku hiyo.

Ukikaa na fundi ana kwa ana, mwachie yeye azungumze, lakini muulize haya. Unapima saruji na mchanga kwa chombo gani? Akisema kwa koleo, endelea kumuuliza, kwa sababu koleo la asubuhi si koleo la saa tisa. Kwa zege la slabu, mfuko mmoja uende na ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga, ndoo saba za kokoto, na maji lita 25 hadi 30, si zaidi. Maji mengi hulifanya zege liwe rahisi kumwaga na dhaifu maisha yake yote. Je, miti ya kushikilia slabu unaitoa siku ya ngapi? Jibu la 21 ni zuri, 14 ndiyo ya mwisho kwa vyumba vidogo, na anayesema 7 muage. Zege unalimwagilia muda gani? Si chini ya siku 7, kwa magunia yaliyoloa, hasa wakati wa kaskazi jua linapokuwa kali. Saruji ipi kwa slabu? Ya daraja la nguvu la 42.5 kwa nguzo na slabu, ya 32.5 inatosha matofali na lipu. Na iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, maana unyevu wa hapa huigandisha ndani ya mfuko.

Sikiliza pia anachokuuliza yeye. Ambaye hajauliza udongo ukoje, maji ya kujengea yatatoka wapi, na karo la maji machafu litakaa upande gani, anauza ufundi wa ukuta tu. Mashariki ya Unguja jiwe la matumbawe liko karibu na uso wa ardhi, msingi hauhitaji kwenda chini sana, lakini chini yake mna mapango; fundi mzoefu hupiga mtaimbo na kusikiliza kama panalia tupu. Jiwe hilo hilo hupitisha maji machafu kwa kasi, kwa hiyo kati ya karo na kisima ziachwe mita 30. Pemba tatizo ni milima na udongo wa mfinyanzi. Kiwanja hukatwa upande mmoja na kujazwa upande wa pili, na ukuta unaosimama juu ya kifusi ndio unaopasuka masika ya kwanza. Mwambie akuchoree mchangani jinsi atakavyoshusha msingi kwa vidato hadi kwenye udongo wa asili. Akishindwa kuchora, hajawahi kuujenga.

Mji Mkongwe ni habari nyingine. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zinabebwa na boriti, na mwashi wa nyumba mpya hata awe hodari vipi anaweza kuziharibu. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani, jiwe linaoza taratibu huku nje pakionekana papya. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Kwa nyumba za huko tafuta mwashi wa chokaa, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iwe ya kwanza kuulizwa kabla ya kung'oa hata fremu.

Kuhusu usajili: Zanzibar ina bodi zake, tofauti na za Tanzania Bara, kwa hiyo cheti cha Dar es Salaam pekee hakitoshi, chukua namba ya mkandarasi uende kuiulizia ofisini. Nyumba ya chini inaweza kujengwa na fundi mzuri wa mtaani ikiwa mhandisi atapita mara tano: msingi kabla ya zege, kabla ya jamvi, nguzo, mkanda, na paa. Ghorofa usimpe mtu asiye na mhandisi, hata awe mtoto wa shangazi yako. Waya za umeme zifanywe na fundi mwenye leseni, la sivyo Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO) hawatakuunganishia.

Undugu ndio mtihani mkubwa wa kwetu. Ukimpa ndugu kazi, mpe na mkataba ule ule ungempa mgeni, ili mkigombana mgombane juu ya karatasi. Uandikwe kwa Kiswahili, usainiwe mbele ya sheha na mashahidi wawili, na utaje mambo ambayo kwa kawaida huachwa: nani analipa kazi ikibomolewa kwa kukosewa, nani analala kiwanjani kulinda saruji, mabaki ya nondo ni ya nani, siku za Ramadhani zinahesabiwaje. Walioko Uingereza au Omani wanaotuma fedha nyumbani wana haja kubwa zaidi ya karatasi hiyo, na ya mtu wa kupokea vifaa ambaye si fundi. Fundi atoe orodha, mwengine anunue baada ya kuuliza bei maduka mawili, wa tatu apokee na kuandika kwenye daftari.

Malipo ya ufundi yafuate kazi iliyokwisha. Mgawo unaofaa: asilimia 25 jamvi likimalizika, 25 kuta zikifika mkanda, 15 paa, 20 lipu na sakafu, 5 umaliziaji. Kianzio kisizidi ujira wa vibarua wa wiki moja, nacho kikatwe kwenye malipo ya kwanza. Fundi anayetaka nusu ya fedha kabla ya kutia kamba mara nyingi anataka kumalizia nyumba ya mtu mwengine.

Asilimia 10 iliyobaki usilipe siku ya kupokea funguo. Iandikwe ndani ya mkataba kwamba ni bakaa ya masika. Mvua zikikatika, mwishoni mwa Mei au Juni, mwite fundi aje na mwiko wake. Mzunguke nyumba pamoja, nje na ndani, na futi, sarafu na ndoo ya maji. Kilichopasuka akizibe, sakafu inayotuamisha maji aivunje na kuiteremsha upya, bati linalovuja lipigiliwe. Ikishakauka, mlipe siku hiyo hiyo bila kupunguza hata shilingi, umpe na ruhusa ya kuleta watu kuiona nyumba yako.